Vitu Vilivyorushwa Fridley

Sufuria ya kwanza ilifika Jumatano ya pili ya mwezi wa Juni, saa saba na dakika ishirini mchana, katikati ya mechi. Naftali Wanjala alikuwa amesimama mahali pake pa kila siku, mguu mmoja juu ya kituo cha kwanza, glavu mbele, akingoja mpira kutoka kwa mwenzake. Mpira ukaja, akaudaka. Nyuma ya mpira ikaja sufuria kutoka upande wa kaskazini, ikapita juu ya reli na maghala, nayo akaidaka. Ilikuwa bado na moto, na ukoko wa ugali ulikuwa umeng'ang'ania ndani. Mwamuzi alisimamisha mchezo, akaigeuza sufuria juu chini, akasema kanuni haziitaji popote. Akaiweka kando ya mstari, mchezo ukaendelea.

Naftali aliijua sufuria ile. Aliinunua yeye, seti nzima, siku dada yake Laurencia alipoolewa, na ubavuni ilikuwa na kibonyeo cha pale alipoigonga akiishusha kutoka kwenye gari. Laurencia aliishi Fridley, maili kumi na moja kutoka uwanjani, na mumewe Jeremiah.

Kwa asiyeujua mchezo wa besiboli, kazi ya mlinda kituo cha kwanza ni kudaka. Wenzake wote humrushia yeye, vizuri au vibaya, na lawama ya kilichoanguka ni yake. Naftali alikuwa na miaka thelathini na minne, na kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na mitatu katika timu kumi na mbili. Timu zilimchukua mtu wao alipovunjika mguu, zikamwachia mguu ulipopona. Mara moja aliitwa ligi kubwa kwa siku nne, na siku zote nne alikaa benchi akitafuna mbegu za alizeti. Hakuwa nyota, na aliyemwambia hivyo hakumkosea. Lakini mikono alikuwa nayo. Hata makocha waliomfukuza walikiri kwamba hawajaona mikono kama ile.

Mikono hiyo ndiyo iliyompeleka Naftali mbali wakati mama yake, aliyeishi huku Minnesota, alipougua figo. Yeye akidaka mipira majimbo ya watu, Jeremiah ndiye aliyempeleka mama kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, theluji ijae isijae. Jeremiah alikuwa nesi, mzee wa kanisa, mtu wa kutoa mapambio na kufuta miwani kwa upole. Nani angemnyima dada mtu kama huyo? Naftali mwenyewe ndiye aliyemwonyesha picha ya Laurencia, aliyekuwa bado Bungoma. Baba yao alikuwa ameshafariki, kwa hiyo siku ya mahari Naftali ndiye aliyekaa kwenye kiti cha baba, akapokea, akasema ndiyo. Mwaka huu, mama akiwa ameshazikwa, alikubali mshahara mdogo wa timu ya Korongo, hapa Saint Paul, ili awe karibu na ndugu pekee aliyebaki.

Alhamisi ukaja mwiko. Ijumaa ikaja rimoti, kisha kikombe, kisha pasi iliyokuwa bado na moto, ikaunguza glavu na kuacha umbo lake kwenye kiganja. Naftali akampigia simu dada yake. Laurencia alisema ni mambo ya nyumbani tu, na siri ya mtungi aijuaye kata. Alipobanwa, akaeleza. Tangu Jumatano, timu ikiwa nyumbani na kaka yake akiwa uwanjani, kila ambacho Jeremiah alimrushia kilimwacha, kikatoka kwa dirisha la jikoni na kwenda zake. Alisema jambo hilo linamsaidia sana, na kwamba anaomba kaka yake asiuzwe kwa timu nyingine.

Jeremiah naye hakuwa mjinga. Alichapisha ratiba ya Korongo kazini, akaibandika kwenye friji, siku za ugenini zikiwa zimepigwa rangi ya njano. Asiyekuwapo na lake halipo. Wiki ile timu ilipokwenda Dakota, Laurencia alivunjwa mbavu mbili kwa kigoda. Isitoshe, ngumi haiachani na mkono, basi hata siku za nyumbani ngumi hazikufika uwanjani. Zilibaki Fridley.

Mwezi wa Julai vitu vilizidi kasi. Birika lilimpata mrushaji wa timu ngeni kabla Naftali hajalifikia, likamvunja taya, meno mawili yakabaki kwenye nyasi. Mkimbiaji mmoja alikatwa sikio na sahani. Naftali mwenyewe alivunjika vidole viwili na kuvifunga pamoja kwa plasta, akaendelea. Watazamaji walianza kuja na kofia za pikipiki. Hakuna aliyeuliza vitu vile vinatoka kwa nani. Wenye timu waliona tiketi zinavyokwisha, wakatangaza Jumamosi ya Sufuria, na watu elfu moja wa kwanza mlangoni walipewa visufuria vya plastiki vyenye nembo ya korongo. Siku hiyo kila kitu kilipotokea kaskazini watu walivigonga na kushangilia, na Naftali alipodaka mtungi wa kahawa kwa mkono usio na glavu walimpigia makofi wamesimama.

Jeremiah alivifuata vitu vyake kila jioni baada ya zamu, kwenye dirisha la vilivyopotea, akiwa bado na nguo za hospitali. Alitaja kila kimoja kwa rangi na alama, akaonyesha kitambulisho, akatia sahihi, akamshukuru msichana wa dirishani. Msichana alimwona mteja mstaarabu kuliko wote.

Kisha ikaja Jumapili ya mwisho ya Agosti, mechi ya mchana. Korongo waliongoza kwa mkimbio mmoja, na alibaki mtu mmoja tu wa kutolewa ili mechi iishe. Wageni walikuwa na watu kwenye vituo vyote. Mpigaji akaupiga mpira chini, wa kituo cha tatu akauokota na kuurusha kwa Naftali, mrusho mzuri wa kifuani ambao hata mtoto angeudaka. Wakati huohuo kutoka kaskazini akaja Laurencia.

Alikuwa amerushwa kutoka juu ya ngazi za ghorofa. Alikuja kichwa mbele, kiatu kimoja, aproni shingoni, kwa kasi kuliko kitu chochote cha kiangazi kile. Naftali alikuwa na glavu moja. Alitoa mguu kwenye kituo, akapiga hatua mbili, akamdaka dada yake kwa mikono yote miwili, wakaanguka pamoja kwenye udongo. Mpira ulipita pale alipokuwa amesimama na kugonga ukuta. Wageni wawili wakafika kituo cha nyumbani na kuongoza, mwamuzi akaifunga mechi hapo hapo, Korongo wakawa wameshindwa. Alieleza kwamba mchezaji ameacha mpira ulio hai kwa hiari yake. Watu wakazomea, na vile visufuria vya plastiki vikaanza kumnyeshea.

Laurencia alifungua jicho moja. La pili lilikuwa limeshavimba tangu asubuhi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi, na mdomoni alikuwa na damu.

"Naf," akasema, "mguu wako umetoka kwa base."

"Najua."

"Mmelose?"

"Tumelose."

Naftali alilia pale pale, mbele ya watu elfu saba, na hakuona haya. Mganga wa timu aliunyoosha mkono wa Laurencia, akaufunga kwa ubao, akaandika kwamba amemtibu mtazamaji.

Kocha Eric alimwita Naftali pembeni. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kazi. Alisema wanasheria wa timu wameshapiga simu: vyombo vinaruhusiwa, watu hawaruhusiwi. Kama yule mama atakuwa amerudi kwake ifikapo jioni, mambo yataisha kwa onyo. Kama atabaki mikononi mwa Naftali, Naftali hana timu, na kwa umri wake na vidole vile hakuna timu ya kumi na tatu.

Kabla hajajibu, Jeremiah alikuwa ameshafika dirishani. Hakuja peke yake. Alikuja na Pasta Eliakim na wazee wawili wa kanisa, wote na suti za ibada, na chupa ya chai. Msichana wa dirishani hakujua mtu huandikiwa sahihi wapi, akawapeleka chumba cha kufulia jezi, ndipo kikao kikakaliwa humo, mashine zikizunguka. Pasta alifungua kwa sala. Chai ikamiminwa. Laurencia alipewa kikombe na hakuweza kukishika.

Jeremiah alisema ametoka zamu mbili mfululizo, stress ilikuwa nyingi, na kwamba mkewe alimjibu. Alifuta miwani. Akasema anaomba msamaha kwa kanisa na kwa shemeji yake, na kwa timu, kwa sababu ya ile mechi. Kwa Laurencia hakuomba. Mzee mmoja alimkumbusha, naye akaomba.

Naftali aliinuka. Alimshika Jeremiah koo kwa mkono mmoja, akamgonga kichwa kwenye mlango wa mashine mara tatu, miwani ikavunjika, pua ikavunjika, damu ikaruka hadi kwenye jezi safi. Aliona raha kubwa, hilo lisifichwe. Wazee waliwaachanisha kwa shida. Mashine iliendelea kuzunguka, na walipomkalisha Jeremiah kitini na kumziba pua kwa soksi ya mtu, Pasta Eliakim alikunywa chai yake hadi nusu kabla ya kusema.

Alisema basi imekuwa vizuri. Huku damu imemwagika, na huku imemwagika, kwa hiyo hakuna upande unaomdai mwenzake. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Jeremiah angeweza kuwaita polisi kwa pua ile na hatawaita. Naftali angeweza kuwaita kwa mkono ule na hatawaita, maana makaratasi ya Laurencia ya kuishi Marekani bado yako chini ya jina la mumewe, na uhamiaji hausikilizi hadithi.

"Ni wewe ulipokea mahari, Wanjala," akasema Pasta. "Mzee hayupo. Wewe ndio baba. Sisi hatuwezi kumtoa hapa mkono kwa mkono. Wewe ndio unamtoa."

Naftali alipiga hesabu yake. Akimzuia dada yake, atakosa timu; akikosa timu, hatakuwa uwanjani; na asipokuwa uwanjani, siku makaratasi yatakapomrudisha kwa yule mtu, hakuna atakayedaka kitu. Akimrudisha sasa, atabaki kazini, na angalau chombo kikirushwa kitamkuta yeye. Hesabu ilikuwa sawa kila alipoirudia. Alimweleza Laurencia kwa sauti ya chini, kwa Kibukusu, ili wenye suti wasifuate.

Laurencia alimsikiliza hadi mwisho. Akamuuliza kama yeye mwenyewe anaamini maneno hayo. Naftali akasema anaamini.

"Sawa," akasema Laurencia. "Nisaidie kusimama."

Alimsaidia. Alimshika kwa mkono mzima, akavuka naye chumba, hatua sita, akauweka mkono huo kwenye mkono wa Jeremiah. Wazee wakasema amina. Jeremiah, pua ikiwa imezibwa, alimshukuru shemeji yake na kumfungulia mkewe mlango. Msichana wa dirishani aliwapa kile kiatu kimoja, kilichokuwa kimefika nyuma ya mwenyewe na kuangukia bendera, kisha akampa Jeremiah kalamu.

Asubuhi timu ilipanda basi. Ilikuwa safari ya mwisho ya msimu na ndefu kuliko zote, mechi kumi ugenini, na kila mtu aliyekuwa na ratiba aliijua.

Naftali alipiga simu Jumatatu, ikaita tu. Jumatano Jeremiah aliipokea, akasema Laurencia amelala. Ilikuwa saa kumi alasiri. Ijumaa alisema bado amelala. Naftali alimwomba kocha ruhusa ya kurudi siku moja, na kocha akamwambia hapana, kwa sababu hana mwingine wa kusimama pale. Jumapili simu haikuita kabisa.

Jioni ile Naftali alivaa jezi, akafunga vidole vyake kwa plasta, akaenda mahali pake. Alisimama ameelekea upande wa Minnesota, glavu wazi, hata ikambidi mrushaji amwite mara mbili ageuke. Mbingu ya huko ilikuwa safi. Hakuna kilichokuja ila mipira, nayo aliidaka yote. Katika mechi kumi zile hakuandikiwa kosa hata moja, na waliporudi wenye timu walimpa mkataba wa mwaka mwingine.