Dada wa Nani?

Simu ile ya maandishi ililetwa Temeke siku ya Jumanne, na tarishi wa posta aliyefika na baiskeli yake hoi bin taaban. Juu yake hapakuwa na jina la mtu, ila namba tu ya sanduku la posta, na sanduku lenyewe lilikuwa la Bwana Jivraj, Mhindi mwenye duka kando ya njia ya Kilwa. Mwaka ule wa thelathini na nane mtaa mzima ulitumia sanduku hilo hilo. Basi simu ingeweza kuwa ya yeyote.

Jivraj Kiswahili alikimwaga kama maji, lakini herufi za Kizungu hazikupatana naye. Alisoma Kigujarati tu. Kwa bahati alikuwapo Mwalimu Gaudens, Mhaya wa Bukoba aliyefundisha shule ya misheni, amekuja kununua mafuta ya taa. Akaisoma kwa sauti, mbele ya wateja wote: simu imetoka Unguja, nayo inasema, "Dada amefariki jana. Njoo. R."

Wa kwanza kusema alikuwa Jivraj mwenyewe: maskini Bi Tunu. Kwani angekuwa nani mwingine? Tunu muuza vitumbua alikuwa na dada mmoja tu, Mwamvita, naye yuko Unguja, mjamzito wa miezi minane, miguu imemvimba, na mumewe anaitwa Rajabu. Ile R nayo ikapata mwenyewe pale pale. Hata Mwalimu, mtu wa vitabu, hakujiuliza mara mbili.

Na Jivraj, ambaye hakuzaliwa na ndugu wa kike hata mmoja, angejiuliza nini? Simu aliisikia kwa Kiswahili, akaielewa kwa Kiswahili. Tena akafunga duka, yeye ambaye hata sikukuu ya Idi aliacha mlango mmoja wazi, akaenda mwenyewe kumpelekea Tunu habari na karatasi yenyewe. Watu walimwona amekaa mkekani na wanaume, kichwa ameinamisha, akifuta machozi kwa kitambaa chake.

Tunu alilia mpaka sauti ikamkauka. Mama yao alipokufa, Mwamvita ndiye aliyembeba Tunu mgongoni, ndiye aliyemfundisha kupima unga na kusema uongo mdogo mdogo. Akaambiwa meli ya Unguja ni Jumamosi, hivyo matanga yakaanza huku huku. Wanawake wakaja na mikeka yao, Yasini ikasomwa, na shangazi yake, Bi Chausiku, akashika usukani wa msiba.

Sasa huyu Tunu alikuwa na tabia moja iliyowachosha watu tangu utotoni: udadisi. Ukimpa neno, hulipindua upande huu na upande huu kama anavyopindua kitumbua. Alhamisi, machozi yalipopungua, akaanza. Dada amefariki. Rajabu ananiambia mie habari ya dada yangu. Si angesema dadako? Au angemtaja Mwamvita kwa jina lake? Mume gani anamwita mkewe dada? Wa kusema dada ni mie, na hapa duniani hakuna mwingine.

Tumaini lilimtisha kuliko msiba. Alipomnong'oneza shangazi, akajibiwa kwamba uchungu umempanda kichwani, kwamba maneno ya simu hukatwa ovyo, na akae kitako kama wafiwa wenziwe. Ilikuwa kweli kwamba hukatwa. Lakini Tunu hakutulia. Alijitanda kanga, akatokea mlango wa nyuma, jambo asilolifanya mfiwa, akaenda shuleni kwa Mwalimu Gaudens na ile karatasi.

Mwalimu akaisoma tena, polepole. Dada. Hapana *ko* yoyote. Akakuna kichwa, maana naye alikuwa mtu wa kupenda maneno kuliko chakula cha mchana. Akamweleza kwamba kwao Bukoba tata ni baba, na alipofika pwani akasikia watu wakisema shauri lina tata, alikaa wiki nzima akishangaa baba yake amewakosea nini. Tunu, pamoja na msiba wake, nusura acheke. Halafu Mwalimu akakumbuka mtoto wa afisa mmoja Mwingereza jirani na shule, bado hajui kusema vizuri, ambaye baba yake akirudi kazini humkimbilia akiita dada, dada.

"Dada ni baba?" Tunu akauliza.

"Kwa watoto wa Waingereza, ndiyo."

Tunu akasimama. Kumbe neno lina nyumba nyingi. Basi lile la kwenye karatasi lilitoka nyumba gani, na sanduku la posta ni la nani? Hakumngoja Mwalimu amalize kufikiri.

Jivraj alikuwa anapima sukari. Alipomwona aliacha kazi, akamvutia kigoda, akampa pole kwa mara ya kumi. Tunu hakukaa. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na yote yakampotea, likabaki moja.

"Bwana Jivraj, kwenu dada ni nani?"

"Dada?" Jivraj akajibu upesi, kama mtu aliyeulizwa bei ya chumvi. "Baba wa baba. Nyie mnasema babu. Mimi dada yangu yuko Unguja, ndiye aliyenilea, sasa mzee sana, hata..."

Hapo akaikodolea macho karatasi mkononi mwa Tunu.

"Na R?" Tunu akauliza kwa sauti ya chini.

"Ratilal," akasema. "Mdogo wangu."

Furaha ilimjaa Tunu. Mwamvita yu hai. Papo hapo akaionea haya furaha ile, maana ilikuwa imenunuliwa kwa msiba wa mtu aliyesimama mbele yake, naye alikuwa akijishikilia kwenye meza ya duka.

"Waliniita nije," Jivraj akasema. "Mimi mjukuu mkubwa. Kwetu maiti huchomwa, na mimi ndiye wa kumwashia moto. Siku tatu, Bi Tunu. Siku tatu naja kukaa mkekani kwako, nakupa wewe pole."

Tunu akampa pole. Hakuwa na kingine, na neno lilikuwa dogo.

Alirudi nyumbani mbio, akaingia katikati ya wanawake, akawaeleza yote: kwamba Mwamvita hajafa, na aliyekufa ni nani. Bi Chausiku akainua mkono kinywani kupiga vigelegele. Tunu akaudaka ule mkono, akaushusha.

"Kunjeni mikeka, shangazi," akasema. "Msiba uko dukani, na tumechelewa siku tatu."