Kabla ya Mgeni Rasmi

Mkewe hakuweza tena kukalia benchi, kwa hiyo Fundi alivua koti, akalitandika sakafuni chini ya dirisha la hospitali, akamlaza ubavu. Tumbo lilikuwa limemzidi mwili. Majirani walikuwa wamelishangilia tumbo hilo. "Uzeeni ndiyo mnatuonyesha mambo," walimtania, naye, mshona masofa asiye na mtoto, alicheka mpaka akaamini.

Ultrasaundi ilimnyang'anya kicheko. Hakukuwa na mtoto. Kulikuwa na uvimbe katika nyama laini nyuma ya utumbo, na daktari kijana wa wadi hakuwaficha.

"Sijui umeshikana na nini huko nyuma. Kama umekumbatia mshipa mkubwa wa damu, nikipasua kwa kubahatisha atafia mezani. Nahitaji picha za ile mashine kubwa."

"Si ile pale?"

Ilikuwa pale, ng'ambo ya kioo, nyeupe, na tundu lake kubwa la duara. Mafundi walishaifunga, wakaijaribu, wakaondoka. Lakini ilikatazwa kumgusa mgonjwa kabla mgeni rasmi hajakata utepe, na mgeni rasmi alikuwa na shughuli nyingi. Aliahirisha wakati wa mvua. Mvua zikakatika, akaahirisha tena. Daktari kijana alipokwenda kumwombea mgonjwa wake ruhusa, alihamishiwa chumba cha chanjo.

"Wanaificha kama bi harusi," mkewe alisema, akiikodolea macho. "Na bwana harusi hana haraka."

Fundi alicheka ili mkewe asijue anachokiogopa.

Hatimaye siku ikafika. Korido ilipigwa deki tangu alfajiri, mapazia mapya yakatundikwa. Muuguzi Mkuu alisimama juu yao, viatu vikimeremeta.

"Baba, mtoe huyu hapa. Kamera zinakuja."

"Nilidhani yeye ndiye wa kwanza."

"Kwa hali hii? Atapigwa picha wageni wakishaondoka. Mgonjwa wa kuonyesha tunaye."

Mgonjwa wa kuonyesha alikuwa muuguzi mwanafunzi, binti mwenye afya tele, kavaa gauni la wagonjwa na kujibana asicheke. Walimlaza kwenye mashine iliyozimwa, mgeni rasmi akamshika mkono, makofi yakapigwa. Fundi aliyasikia akiwa stoo ya mashuka, kichwa cha mkewe kimemlalia pajani.

Jioni, zamu yao ikafika. Bingwa wa kusoma picha alikuwa amekuja na msafara wa wageni, na hospitali ile hakuijua. Alimwita Fundi mbele ya skrini, akafuatisha kwa kidole weupe uliouzunguka mshipa wote, kisha madoa kwenye ini.

"Hapa hapana tena pa kupitisha kisu," alisema taratibu. Alikuwa mtu mwema, na ndiyo maana aliuliza. "Lakini mzee wangu, mbona mmechelewa hivi kumleta?"

Muuguzi Mkuu alikuwa mlangoni. Kitanda cha wadi alikigawa yeye, na sindano za maumivu zilitoka kwa idhini yake. Alimtazama Fundi bila kupepesa.

Fundi alifungua mdomo. Ng'ambo ya kioo mkewe alikuwa bado amelala, mikono juu ya kichwa kama alivyoelekezwa, akisubiri mtu amwambie ainuke.

"Tusamehe, daktari," alisema. "Makosa ni yetu."