Nondo Tatu za Ukingo

Kola ya kumi na moja ilikuwa chini ya sindano, na Kiroboto alikuwa mwisho wa kamba yake. Fundi alikanyaga cherehani mara nne, akatazama; akakanyaga mara nne, akatazama tena. Ndivyo alivyoshona tangu alfajiri, jicho moja kwenye uzi na jingine kwa mwanawe huyo, na kola thelathini za sare za shule zilitakiwa dukani jioni hiyohiyo.

Kamba yenyewe ilikuwa kipande cha shuka kuukuu, ncha moja kiunoni mwa mtoto, nyingine kwenye mguu wa cherehani. Ilimfikisha Kiroboto mlangoni, ikamkatalia kutoka. Nje ya mlango kulikuwa na roshani nyembamba ya ghorofa ya tatu, na kwenye ukingo wake nondo tatu zililiwa na kutu zikang'oka tangu mvua zilizopita. Pengo lilimtosha mtoto wa mwaka na nusu kupita bila hata kuinama. Mlango ungeweza kufungwa, lakini chumba hakikuwa na dirisha, na nani anashona kitambaa cheupe gizani?

Wala asije mtu akasema fundi huyu hajui hatari. Pasi ya mkaa ilikaa juu ya kabati. Mafuta ya taa yalikuwa kwenye dumu lake, si kwenye chupa ya soda, na dumu lilining'inia kwenye msumari. Sindano zilirudi kila jioni ndani ya kopo lenye kifuniko. Meza haikuwa na kitambaa, kwa sababu Kiroboto aliwahi kukivuta, chai yote ikamwagika nusu hatua kutoka miguuni pake. Yaliyo mikononi mwa mama, mama alikwisha kuyafanya.

Nondo zilikuwa mikononi mwa msimamizi wa nyumba, ambaye wapangaji walimwita Tutaona, maana hana jibu jingine. Fundi alimwendea mara nne. Safari moja aliziba pengo kwa gunia; Tutaona akalitoa mwenyewe, eti linaharibu sura ya jengo.

Saa nne asubuhi mtu alibisha hodi. Alikuwa afisa wa watoto, mkobani ana mabango, mkononi ana fomu.

"Tunapita nyumba kwa nyumba, mama. Usalama wa mtoto nyumbani."

"Karibu, dada. Kaa hapo kitandani, sogeza tu hizo kola."

Afisa aliulizia mafuta ya taa, akaonyeshwa. Pasi, akaonyeshwa. Sindano, dawa, maji ya moto. Alitia vema moja baada ya nyingine na uso wake ukakunjuka, hadi jicho lilipoteremka kwenye mguu wa cherehani.

"Lo! Umemfunga mtoto kama mbuzi?"

"Nimemfunga ili kesho niwe naye. Hebu chungulia hapo nje."

Afisa alichungulia. Alirudi ndani ameshika fremu ya mlango.

"Hii ni hatari kubwa."

"Basi iandike."

Afisa aliigeuza fomu mbele na nyuma. "Hii ni ya mzazi tu. Ya mwenye nyumba iko ofisi nyingine." Akashusha sauti. "Ila kumfunga mtoto kumo, nambari tisa. Nitapita tena saa kumi. Nikimkuta kafungwa itabidi niandike, na wakianza kuuliza kama unafaa kukaa naye, mimi sitakuwa na la kusema."

Aliyasema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma fundi. Afisa akabandika bango ukutani: Kinga ni bora kuliko tiba. Akaenda zake.

Fundi alifungua fundo. Akakanyaga mara nne, akatazama. Akakanyaga mara tatu. Akakanyaga mara mbili. Uzi ukakatika, akainama kuutunga, na alipoinua kichwa chumba kilikuwa kimya.

Kiroboto alisimama kwenye pengo, mkono mmoja umeshika nondo ya pembeni, mwingine unawanyooshea kidole njiwa walioko chini.

Hakupiga kelele, kwani mtoto akishtuka huruka. Alienda peku, polepole, roho mkononi, hadi vidole vyake vikashika ukosi wa shati. Alikaa sakafuni na mwanawe kifuani akalia kwa hasira.

Alipomaliza kulia alichukua bisibisi ya cherehani, akafungua skrubu sita, akaung'oa mlango wa chumba chake na kuufunga kwa waya mbele ya pengo. Akashona kola saba kwa amani.

Kabla saa haijaisha, Tutaona huyo anapanda ngazi akihema, nyuma yake seremala na kisanduku cha vifaa.

"Nani kakuruhusu kung'oa mali ya mwenye nyumba?"

"Kumbe seremala unaye, mzee! Na nondo?"

"Tutaona."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Na wewe ukigusa mlango huu tena, utahama."

Seremala alilitazama pengo, akamtazama mtoto. "Bosi, si nipigilie na ubao pale? Dakika tano tu."

"Nimekuita kwa ajili ya mlango."

Seremala aliurudisha mlango bila kuinua macho.

Zilibaki kola nane. Fundi alisimama katikati ya chumba, akaenda huku, akarudi kule, kisha akaikokota cherehani hadi roshanini. Aliweka kigoda kwenye pengo lenyewe, akakaa, ghorofa tatu za hewa nyuma ya mgongo wake. Upepo ulipoingia kwenye gauni alijuta, lakini hakuinuka. Aliomba apewe kile kipande cha shuka, na Kiroboto akakileta mbio.

Saa kumi afisa alirudi. Mtoto alikuwa akikimbia chumbani anavyotaka.

"Hajafungwa. Vizuri sana, mama," akasema, akatia vema nambari tisa. Ndipo akaona kipande cha shuka kimezunguka kiuno cha fundi na kukazwa kwenye mguu wa cherehani. "Na hicho?"

"Hiki changu, dada. Fomu yako inamuulizia mtoto."

Akakanyaga cherehani. Safari hii hakuwa na haja ya kuhesabu.