Taa za Rangi Zilizokaa Darini

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa sababu hakuna gauni lililotoka kwenye cherehani yake likafumuka pindo. Nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Sikukuu ikiisha, hakuna aliyeruhusiwa kugusa mapambo ila yeye. Mipira ya kioo aliifunga mmoja mmoja kwa vipande vya kitambaa vilivyobaki kazini. Taa za rangi alizizungusha kwenye kipande cha boksi ili waya usikunjike. Kisha vyote vikaingia kwenye sanduku la bati, juu ya kabati, mbali na unyevu na panya. Mumewe, Kinyozi, alimtania kwamba mapambo yale yanalala pazuri kuliko yeye.

Mwaka mmoja mama mzazi wa Mama Pindo aliugua ghafla, naye akaondoka kwenda kumuuguza, mapambo yakiwa bado yananing'inia. Alikaa huko mpaka mama alipoweza kushika kikombe mwenyewe. Aliporudi, akakuta sebule imesafishwa na kuta ziko tupu.

"Nani ameyatoa?"

"Mimi na shemeji," alisema Kinyozi. "Mimi nilishusha, yeye akahifadhi. Pumzika, mke wangu."

Shemeji mwenyewe ni Chiriku, mdogo wake Mama Pindo, kijana wa maneno mengi aliyepanga chumba nyumba ya pili. Mama Pindo alifungua sanduku. Mipira ilikuwemo, taa hazimo. Akamfuata.

"Nimezitia kwenye mfuko wa nailoni nikazirusha darini, Dada. Sanduku lilikataa kufunga. Taa si mayai, hazitavunjika."

Alikusudia kuzishusha. Lakini nguo za wateja zilikuwa zimemrundikia, na mama bado alikuwa wa kuangaliwa, na dari lenyewe lilitaka ngazi ya kuazima. Akasema kesho, akasema wiki ijayo, hadi mwaka ukazunguka.

Sikukuu ilipokaribia, Kinyozi alifunga saluni mapema, akaazima ngazi, akashuka na mfuko uliojaa vumbi na mavi ya panya. Mama Pindo alikuwa jikoni.

"Zikague kwanza," alimwambia kutoka huko.

"Nimeshakagua. Zinawaka."

Kweli ziliwaka, nusu tu. Bila kuzichomoa kwenye umeme, akazizungusha kwenye nondo za dirisha, akashika nondo kwa mkono ili azivute upande wa pili. Alikuwa pekupeku, kwenye sakafu ambayo mkewe alikuwa ametoka kuipiga deki. Hakupiga kelele. Mama Pindo alisikia pazia likichanika na fimbo ya kulitundikia ikigonga chini, akafikiri ni uzembe wa kawaida, akamalizia kuosha sufuria aliyokuwa nayo mkononi. Ndipo akatoka.

Jirani ndiye aliyekimbilia swichi kuu. Haikusaidia kitu.

Fundi umeme aliyeitwa baadaye alizipitisha taa zile vidoleni polepole, akasimama mahali pamoja. "Panya wamekula mpira wote wa waya hapa. Shaba iko nje, na ndiyo iliyogusa nondo. Zilikuwa zimewekwa wapi?"

"Darini," alisema Mama Pindo. Akaomba kiti.

Siku ya mazishi nyumba ilifurika. Chiriku alizunguka na trei ya chai. Mama mkwe alikaa karibu na dirisha lile, na watu walipotulia akamgeukia mkwewe.

"Kila mwaka unatufokea tusiguse. Wewe ndiye mjuzi wa kuhifadhi. Sasa niambie, mwanangu ameuawa na waya uliohifadhiwa na nani?"

Hakuna aliyenyanyua kikombe. Mama Pindo alimtazama mdogo wake. Chiriku alikuwa amesimama mlangoni, trei mkononi. Mama Pindo akangoja. Jina lilikuwa mdomoni mwake, zito kama jiwe, na alijua akilitema ukoo mzima utamgeukia kijana yule palepale. Alichotaka ni kumsikia yeye mwenyewe. Chiriku akainamisha macho.

"Nisamehe, Mama," Mama Pindo alisema. "Nilipaswa kuzishusha mapema."

Ulikuwa ukweli, lakini waliosikia walielewa kwamba yeye ndiye aliyezihifadhi. Mama mkwe akavuta kanga yake, akainuka, akahama chumba. Toka saa ile hakumwita tena mwanangu.

Jioni Chiriku alimkuta jikoni.

"Dada, umenisitiri. Sijui nikushukuruje."

"Sikukusitiri. Nilikungoja."

Chiriku alilia. Akauliza, "Niende kwa mama mkwe wako nikamwambie sasa hivi?"

"Nenda."

Alivaa viatu, akatoka, na geti likasikika. Hakufika. Mama Pindo alijua hivyo asubuhi, mama mkwe aliporudi msibani akapita mbele yake bila salamu. Baada ya wiki chache Chiriku alipata kazi mji mwingine, akaaga kwa ujumbe wa simu.

Mapambo yaliyobaki Mama Pindo alimpa jirani mwenye watoto, akamsihi asiyaweke darini hata kwa siku moja. Jirani aliitikia haraka, huku akikwepa macho yake.

Siku hizi mama yake, ambaye hajaambiwa yote, humuuliza kwenye simu, "Wewe na mdogo wako kuna nini? Mbona hamtembeleani?"

"Hakuna kitu, Mama," hujibu. "Ni kazi tu. Umeshameza dawa?"