Gorogoro Mbili kwa Jembe

Mwaka wa 1984 mvua ilipokosa kunyesha Ikutha, kanisa lilileta mahindi ya manjano, likamchagua Muthoki, mwalimu wa shule ya Jumapili, awe karani wa kuyagawa. Siku ya kwanza alimuuliza kila mtu kama ana chakula nyumbani. Hakuna aliyekuwa nacho. Hata Mbuvi mwenye duka, ambaye ghala lake lilinukia mbaazi hadi barabarani, aliapa kwamba watoto wake walilala njaa.

Basi Muthoki akatunga sheria: anayetaka mahindi achimbe bwawa tangu asubuhi hadi saa saba, ndipo apimiwe gorogoro mbili, yaani mikebe miwili ya kilo mbili mbili.

"Mwenye shibe hatashika jembe juani," aliwaambia wazee wa kanisa.

Kweli, Mbuvi hakuonekana tena. Wazee wakamsifu Muthoki.

Wiki ya tatu akaja Ndinda, jirani yake, mwenye mimba ya miezi minane.

"Mwalimu, siwezi kuinama. Niandike tu."

Muthoki aliitazama foleni. Wote walikuwa wakisikiliza. Akimwandika huyu, kesho kila mgongo utauma. Akamrudisha nyumbani, na jioni akampelekea nusu ya mahindi aliyopewa kama posho ya ukarani. Haikutosha nyumba mbili.

Kesho yake akatangaza kwamba mtu anaweza kumchimbia mwenzake asiyejiweza. Kabla ya saa tatu vibarua watatu wa Mbuvi walikuwa bwawani.

"Tunachimbia mzee. Mgongo yake ni mbaya," walisema wakicheka.

Akaifuta ruhusa ile siku hiyo hiyo.

"Kwani hii sheria ni ya Mungu?" Ndinda alimuuliza. "Si ni wewe uliitunga?"

"Ni mimi."

"Basi ifungue."

Muthoki alitafuta pa kuifungulia, asipaone. Kila alipompasulia Ndinda ufa, Mbuvi naye alipenya. Akawaomba wachimbaji wamkatie Ndinda kidogo kidogo kutoka kwa mahindi yao, maana wao hawangemkatia Mbuvi hata punje.

"Mimi nina watoto sita nyumbani," alisema Syombua, mmoja wa wachimbaji, na wengine wakarudi kuchimba.

Muthoki akaendelea kugawa posho yake hadi mifupa ya mabega ikamtokeza. Mwezi uliofuata Ndinda alijifungua msichana, mwembamba lakini hai. Muthoki alipokwenda kumwona mtoto, Ndinda alipokea uji, akashukuru, akageukia ukuta.

Kisha wazee wa kijiji cha Zombe wakaleta barua. Walisikia kwamba Ikutha matajiri hawaibi tena chakula cha msaada, wakataka mwalimu akawawekee sheria ile ile. Muthoki aliikalia barua siku nne. Akaenda, kwa kuwa hakujua sheria nyingine iliyo bora.