Jasho la Dereva

Mke wa Dereva alikuwa dobi, na dobi ukimdanganya kwa maneno pengine utafaulu, lakini kwa nguo, thubutu. Alifua shuka za nyumba ya wageni, makoti ya wauza nyama na sare za walinzi. Shati likifika mikononi mwake, alijua mwenyewe alikaa wapi, alikula nini na kama aliamka na homa. Ndiyo maana asubuhi ile, alipolichukua shati la mumewe bafuni kabla mwenyewe hajalisuuza kama kawaida yake, akaligeuza ndani nje na kulinusa, ilibidi aketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Lilinuka maji ya bomba.

Kifuani chapachapa, mgongoni chapachapa, kwapani pakavu. Kola nayo ilikuwa safi, haina hata ule mstari wa kahawia unaoachwa na shingo ya mtu mzima. Jasho gani hilo linaloanzia kifuani na kuruka makwapa?

Sasa msimwone mwanamke wa watu mpekuzi. Kaka zake Dereva, wote wawili, walianguka ghafla kabla ya kustaafu, mmoja akiwa mezani, mwingine ameinama anafunga kamba za viatu. Siku walipomzika huyo wa pili, mkewe alikata kauli moyoni kwamba huyu wa kwake hatamwacha aende hivyo. Akatangaza vita nyumbani. Chumvi akaifungia kabatini na ufunguo akauvaa shingoni. Sigara akazizamisha kwenye beseni la sabuni. Nyama ya mafuta, soda, sukari ya chai, vyote vikapewa talaka.

"Mama watoto," Dereva alimuuliza siku moja akiitazama sahani yake ya mboga za kuchemsha, "nitakula majani hivi mpaka lini?"

"Umewahi kuona mbuzi ana presha?"

"Sijawahi kuona mbuzi mzee pia."

Dereva alicheka, lakini akala. Maisha yake yote alikuwa ameyamaliza amekaa nyuma ya usukani wa lori, tumbo limemtangulia, na daktari wa zahanati alikuwa amesema mtu huyu lazima atembee. Basi kila asubuhi akatoka kwenda kukipanda kilima, mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Akirudi shati limemganda mwilini, mkewe humpokea mlangoni kwa taulo, anamfuta huku anaimba. Wateja wakija kuchukua nguo aliwaambia bila kuulizwa, "Mume wangu huyu atanizika mimi." Alilisema jambo hilo kwa furaha, kama mtu aliyepata kiwanja.

Na kumbe alikuwa akipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mawazo yakamjia mawili tu, ama mwanamke, ama uvivu. Mwanamke ingekuwa afadhali. Huyo angemalizana naye kwa ubao wa kufulia, na maisha yangeendelea. Uvivu ndio uliomtia hofu, maana uvivu ungemrudisha makaburini.

Kesho yake alimpa mumewe nafasi ya kufika mwisho wa uchochoro, kisha akajifunga kanga yake vizuri na kumfuata. Dereva hakuelekea kilimani kabisa. Alikata kona, akaenda kwa rafiki yake mmoja, fundi wa tairi, akaketi juu ya matairi chakavu na kuanza kuangalia malori yanavyopita. Walipiga soga. Jua lilipopanda kidogo Dereva akasimama, akafungua bomba la kuoshea magari, akajimwagia maji kifuani, kisha fundi akammwagia mgongoni kwa kopo.

"Kumbe mume wangu anaogeshwa," alisema mkewe nyuma yao.

Fundi wa tairi alidondosha kopo. "Shikamoo, shemeji."

Hakuitikiwa. Mama huyo alikuwa na hasira, na hasira yake ilitoka kwa kicheko, tena kikubwa, mbele ya wateja waliosubiri tairi zao. "Twende huko kilimani. Twende wote leo nikuone."

"Kesho, mama watoto."

"Leo."

"Dereva, gari imeishiwa mafuta?" alidakia mteja mmoja, na wenzake wakaangua kicheko.

Basi hapo tena angefanya nini mwanamume na watu wanamtazama? Dereva alikiangalia kilima kama anavyoiangalia barabara ambayo aliwahi kupinduka na lori. Kisha akaenda.

Mkewe alimshika mkono, akawa anamvuta huku akimsema. Alimsema kwa ajili ya chumvi, kwa ajili ya kaka zake, kwa ajili ya nyimbo alizoziimba bure mlangoni. Walipofika kwenye ukuta wa shule, katikati ya kilima, Dereva alisimama.

"Ngoja nifunge kamba."

"Viatu vyako havina kamba," alisema mkewe, akamvuta.

Alipiga hatua chache tu, kisha akakaa chini, pale pale vumbini, ngumi kaikandamiza kifuani. Mkewe alikuwa amefungua kinywa aendelee kusema, na hapo ndipo alipoliona. Lilimtoka kwenye paji la uso, shingoni, kwapani, la baridi, mpaka kola ikabadilika rangi. Jasho.

"Kama kuna mtu amenikalia hapa," alisema Dereva kwa shida.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza. Nikifika ukutani hapa, hunikalia."

"Na hukuniambia mimi!"

"Ulikuwa unaimba." Alivuta pumzi, ikagoma, akaivuta tena. "Tangu tumzike kaka sikuwahi kukusikia ukiimba."

Fundi wa tairi ndiye aliyewapeleka hospitali, kwa pikapu ya mteja. Baada ya muda mrefu daktari alitoka akamwambia mama huyo kwamba mumewe yupo, ila moyo umeumia, na sehemu iliyoumia haitarudi kuwa kama zamani. Kutembea ni kuzuri, alisema, lakini maumivu yale ndiyo yaliyokuwa yanamwita aje hospitali. Angekuja siku ile ya kwanza…

Muuguzi alimkabidhi mfuko wenye nguo za mgonjwa. Pale pale kwenye korido, watu wakipita, alilitoa shati, akaligeuza ndani nje, akalinusa kwapa, akainusa kola. Halafu akaegemea ukuta na kulia.

Alipoingia wodini alikuwa bado amelishika. Dereva alifumbua macho.

"Unalia nini? Leo si nimetembea kweli?"

"Nilikuvuta," alisema mkewe. "Ulisimama, nikakuvuta."

"Hukujua."

"Ningejuaje, na wewe unanimwagia maji ya bomba?" Alisogeza kiti mpaka magoti yakagusa kitanda. "Baba watoto, nisikilize. Ukiumwa unaniambia. Hata kama naimba."

"Hasa ukiwa unaimba," alisema Dereva, akafumba macho tena.

Mkewe alibaki pale, shati mapajani, anakiangalia kifua kile kikipanda na kushuka, na kila kikishuka alisubiri kiinuke tena.