Sehemu ya Shaaban

Ugali wa uwele ulitoka sahanini mzima, haujamegwa hata tonge, ukatua ndani ya ndoo kama mtu aliyechoka kusimama. Lea, kiongozi wa kikundi cha wanawake wa mtaa wetu hapa Miyuji, akautazama, kisha akamtazama mwenye nao.

"Shoga yangu Zaitun, hii ndoo yako inakula kuliko sisi."

Wenzake wakacheka. Zaitun akajifunga kanga upya, akaingia ndani.

Kila Jumamosi kikundi kilipita nyumba kwa nyumba kukusanya mabaki: maganda yaende kwa mbuzi, mengine yakageuzwe mbolea. Lea alikuwa hachoki kueleza kwamba chakula kikifukiwa shimoni huoza na kutoa hewa inayozidi kulichemsha anga, na kwamba unga uliomwagwa ni mvua iliyomwagwa. Mimi sikubishana. Shule niliisoma vipandevipande, leo Mpwapwa, kesho Kondoa, lakini nchi hii nimeikanyaga mpaka nyayo zikawa ngozi ya ng'ombe, na nimeziona mvua zikiiga tabia yangu: zinakuja bila taarifa, zinaondoka bila kuaga.

Nilikuwa nimepanga chumba cha uani kwa Zaitun, na nilikula kwake. Kwa hiyo nilijua ule ugali ni wa nani. Mumewe, Shaaban, alikuwa dereva wa lori. Misimu miwili ya mvua ilikuwa imepita tangu awashe gari na kusema anarudi, na simu yake haikupatikana tena. Hata alipokuwapo hakuwa mtu wa kusema atakula wapi. Zaitun alilelewa Kolo, na mama aliyeamini kwamba sehemu ya msafiri huwekwa kila jioni, na wa nyumbani hawaigusi mpaka kuche. Basi kila jioni aliisonga, akaifunika. Kila asubuhi joto lilikuwa limekwisha kuichachua.

Niliwahi kumshauri apunguze unga. Alinijibu taratibu, ungo mikononi.

"Baba, siku nikipunguza nitakuwa nimemzika. Nani kaniletea maiti?"

Nikatamani kuondoka, ndiyo dawa yangu ya kila kitu. Miguu iliniwasha wiki nzima. Ijumaa jioni nikafunga mfuko wangu, nikaenda jikoni kuaga. Zaitun alikuwa chumbani akiswali magharibi. Juu ya meza, sahani imefunikwa kwa sahani. Nikaifikiria Jumamosi, ile ndoo, kile kicheko. Nikaketi. Nikafunua. Mvuke ukanipiga usoni, nikamega tonge, nikachovya kwenye mlenda, nikala cha Shaaban chote, mbiombio kama mwizi.

Alipotoka, alisimama mlangoni na mswala mkononi. Akaitazama sahani tupu. Nilingoja anifukuze, ingenirahisishia safari.

"Kilikuwa cha moto?"

"Cha moto, mwanangu."

Akavuta kigoda, akaketi kama mtu aliyetua mzigo njiani, si nyumbani. Akasema hata Shaaban mwenyewe, enzi zile, sehemu hiyo aliikuta imepoa kila mara. Kisha akaivuta sahani tupu, akaipangusa kwa ncha ya kanga.

"Na kwenu, mzee Yotham, cha kwako anakula nani?"

Nilimwambia nina dada Mpwapwa. Kama bado ananiwekea sahani, sikujua.

Kesho yake Lea alikuta maganda ya viazi tu. Akaiinamisha ndoo, akauliza kama leo imefunga. Zaitun akatabasamu kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo. Mimi sikuwa nimeondoka. Nilijiambia basi la asubuhi lazima lilikuwa limejaa, ingawa sikwenda kuliona.

Jioni nikatoka chumbani na mfuko wangu begani. Jikoni maji yalikuwa yameanza kuimba sufuriani. Zaitun alikuwa ameinama juu ya debe, mkono umezama kwenye unga hadi kiwikoni. Hakugeuka.

"Baba, unakula hapa, au unaondoka? Nijue nasonga wa wangapi."

Swali hilo nimeulizwa na wengi, katika nyumba nyingi, na sijawahi kumjibu hata mmoja. Maji yakaanza kutokota. Mkono wake ulikuwa bado umo ndani ya unga.